Kamisheni, saini na haki ya kucheza: kesi zinazoitikisa michezo ya vyuo Marekani

Agosti 1986 Brent Fullwood, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Auburn, alimwaga wino kwenye mkataba wenye tarehe ya Januari 2, 1987. Tarehe haikukosewa. Mchezo wa mwisho wa Auburn msimu ule ulikuwa Januari 1, na kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zilisema wazi kwamba mwenye wakala si mchezaji wa ridhaa tena na hana ruhusa ya kucheza. Alipewa dola 4,000 hapo hapo kama mkopo, na kufikia mwisho wa msimu kishika uchumba kilikuwa kimefika dola 8,038.

Msimu ulipokwisha Fullwood akamtosa wakala wake, Norby Walters wa New York, na kuhamia kwa mwingine. Green Bay Packers wakamchagua wa nne katika drafti ya 1987, utaratibu wa timu za kulipwa kuteua wachezaji wapya kwa zamu. Walters akakimbilia mahakamani kudai chake. Jaji hakumpa kitu, lakini pia hakumsafisha mchezaji. Alisema wote wawili walishirikiana katika udanganyifu, na mahakama haipo kwa ajili ya kuwagawia waliodanganya faida ya udanganyifu wao. Kila mmoja akaondoka na alichokuwa nacho mkononi.

Karibu miaka 40 imepita na kesi za aina hii hazijaisha, ila majina na tarakimu vimebadilika. Ukizisoma kwa mfululizo unaona jambo moja: sheria ya biashara hii ilitungwa kwanza kukilinda chuo. Mchezaji akishinda, mara nyingi ni kwa sababu wakala alizembea kwenye makaratasi, si kwa sababu kuna aliyekaa chini kufikiria haki ya mchezaji.

Hesabu ya wakala ni nyepesi kuielewa. Chama cha wachezaji wa NFL hakiruhusu wakala atoze zaidi ya asilimia 3 ya mkataba wa mchezaji na timu, na cha NBA kimeweka ukomo wa asilimia 4. Mikataba ya matangazo, ya viatu na vinywaji, haimo katika ukomo huo, na huko ndiko kwenye mnofu. Kijana atakayechaguliwa miongoni mwa watano wa kwanza wa drafti anaweza kumlisha wakala kwa miaka kumi. Dola 8,000 za kumshika mapema, wakati bado anakula kwenye kantini ya chuo, ni mtaji mdogo sana.

Walters hakuwa na Fullwood peke yake. Yeye na mshirika wake, Lloyd Bloom, walikuwa wamewasainisha wachezaji kadhaa wa vyuo mbalimbali kwa mtindo ule ule, na mwaka 1989 walitiwa hatiani huko Chicago. Hoja ya waendesha mashtaka ilikuwa ya ajabu kidogo: kwamba walioibiwa ni vyuo, kwa kuwa vililipa ada na chakula cha wanafunzi wasiokuwa na sifa ya kucheza. Hukumu ile ilitenguliwa, na mwaka 1993 Mahakama ya Rufaa ikaitupa hata ile hatia ya udanganyifu kwa njia ya posta aliyokuwa ameikiri Walters baadaye. Walters, ilisema, hakuchukua hata senti ya chuo.

Wengi walidhani hoja hiyo imezikwa. Septemba 2017 FBI wakaifufua. Walikamata makocha wasaidizi wa kikapu, watu wa Adidas na wakala mchanga aitwaye Christian Dawkins, kwa madai kwamba fedha zilipelekwa kwa familia za vijana ili waende kwenye vyuo vilivyovaa jezi za kampuni hiyo. Ahadi moja, kwa familia ya kijana aliyetakiwa Louisville, ilikuwa ya dola 100,000. Utetezi ulisema vyuo vilinufaika: vilipata wachezaji, vilijaza viwanja, vilikusanya fedha za televisheni. Baraza la wazee wa mahakama halikukubali. Oktoba 2018 Dawkins na wenzake wawili wakakutwa na hatia ya kuvitapeli vyuo hivyo hivyo, na rufaa yao ikagonga mwamba mwaka 2021. Nani hasa alitapeliwa? Ukiniuliza mimi, jibu la 1993 bado lina akili kuliko la 2018.

Kesi inayofundisha zaidi, hata hivyo, haina FBI wala kampuni ya viatu. Ni ya Andy Oliver, mrusha mpira wa besiboli kutoka Ohio. Mwaka 2006, akimaliza sekondari, Minnesota Twins walimchagua na kumwekea mezani dola 390,000. Mtu wa timu alikuja nyumbani kwa wazazi wake kuzungumza, na wakili wa familia alikuwapo kikaoni. Oliver aliikataa ofa akaenda Chuo Kikuu cha Oklahoma State.

Miaka miwili baadaye aliamua kuwaacha mawakili wa familia na kwenda kwa Scott Boras, wakala mkubwa kuliko wote katika besiboli. Mawakili wakamtumia ankara ya dola 113,750. Hakulipa. Wakaandika barua kwa NCAA kueleza kwamba mteja wao wa zamani alikuwa na mwakilishi kikaoni mwaka 2006. Mei 2008, timu yake ikielekea kwenye mchujo wa ubingwa, Oliver akafungiwa.

Kanuni yenyewe iliruhusu mchezaji awe na mwanasheria wa kumshauri. Ilichokataza ni mwanasheria huyo kuongea na timu, au hata kukaa chumba kimoja nayo. Kwa maneno mengine, kijana wa miaka 18 aliruhusiwa kuwa na mshauri mradi mshauri huyo asiwepo pale ushauri unapohitajika, huku upande wa pili wa meza ukiwa na watu wanaosaini mikataba kila siku. Februari 2009 jaji wa wilaya ya Erie, Ohio, aliita kanuni hiyo ya kibabe na isiyo na mantiki, akasema NCAA haina mamlaka ya kumwelekeza wakili namna ya kumtumikia mteja wake. Oliver akarudi uwanjani, na mwaka ule ule Detroit Tigers wakamsajili.

Kisha likafuata lile ambalo wasomaji wa kurasa za biashara hawatashangazwa nalo. Oktoba 2009, kabla ya fidia kukadiriwa mahakamani, NCAA ilimlipa Oliver dola 750,000. Sehemu ya makubaliano ilikuwa hukumu ifutwe. Kanuni ikabaki kama ilivyokuwa. Kwa NCAA hiyo ilikuwa bei ya kununua ukimya wa kisheria, na tukubali kwamba ilikuwa bei nafuu. Ilichukua hadi 2016 ndipo wachezaji wa besiboli wanaotoka sekondari wakaruhusiwa kuwa na wakala katika mazungumzo ya drafti, na 2018 ndipo mlango ukafunguliwa kwa baadhi ya wachezaji wa kikapu.

Upande wa vyuo, majimbo hayakulala. Mwaka 2000 ilitungwa sheria ya mfano kuhusu mawakala wa wanamichezo, na majimbo zaidi ya 40 yakaichukua. Bunge la Marekani likaongeza ya kwake mwaka 2004. Kwa mujibu wa sheria hizi wakala lazima asajiliwe katika jimbo anakofanyia kazi. Mkataba lazima ubebe onyo, kwa herufi kubwa nzito karibu na mahali pa saini, likimweleza mwanafunzi mambo matatu: kwamba anaweza kupoteza haki ya kuchezea chuo, kwamba mkurugenzi wa michezo wa chuo lazima ataarifiwe ndani ya saa 72, na kwamba anaweza kuuvunja mkataba ndani ya siku 14. Chuo nacho kimepewa haki ya kumshtaki wakala kikipata hasara.

Onyo hilo la mistari michache ndilo lililoamua kesi kubwa kuliko zote za miaka ya karibuni. Aprili 20, 2019 Zion Williamson, nyota wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Duke, alisaini na Prime Sports Marketing, kampuni ya Gina Ford ya Florida. Mwezi uliofuata aliuvunja mkataba na kwenda kwa wakala mkubwa, CAA. Ford alidai fidia ya dola milioni 100. Lakini hakuwa amesajiliwa North Carolina, na mkataba wake haukuwa na onyo.

Wanasheria wa Ford hawakuwa na pa kushika isipokuwa pamoja. Sheria ile inamlinda mwanamichezo mwanafunzi. Basi wakadai Williamson hakuwa na sifa hiyo, kwa kuwa, walivyodai, yeye na familia yake walipokea zawadi zilizokatazwa ili aende Duke. Walitaka ajibu kwa kiapo kuhusu nyumba na magari. Tazama mambo yalivyogeuka: wakala, ambaye kwa kawaida ndiye hushitakiwa kwa kuharibu uridhaa wa mchezaji, sasa alikuwa anauchafua mwenyewe mahakamani ili mkataba wake usimame. Madai hayo hayakuthibitishwa. Januari 2021 jaji wa North Carolina aliutangaza mkataba kuwa batili, na 2024 Mahakama ya Rufaa ikamwunga mkono. Williamson, aliyechaguliwa wa kwanza katika drafti ya 2019, alishinda kwa sababu ya karatasi.

Reggie Bush, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, hakuwa na bahati hiyo. Wawekezaji waliotaka kuwa mawakala wake walimgharimia yeye na familia yake, nyumba ikiwemo, alipokuwa Chuo Kikuu cha Southern California. Bush aliposaini kwingine, mmoja wao alimshtaki akidai dola 291,600. Wakamalizana mwaka 2010, lakini siri ilishavuja. NCAA ilikinyima chuo nafasi 30 za ufadhili wa masomo na kukizuia kucheza fainali za msimu kwa miaka miwili. Bush akairudisha Heisman ya 2005, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo. Alirejeshewa Aprili 2024, wakati ambapo wachezaji wenzake wa vyuo walikuwa wakiendesha magari ya matangazo bila kujificha.

Kilichotokea katikati kinajulikana. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliibwaga NCAA kwa kura 9 kwa 0 katika kesi ya Alston, na Julai 1 wachezaji wakaruhusiwa kuuza majina na sura zao. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House: takriban dola bilioni 2.8 za malimbikizo kwa wachezaji wa tangu 2016, na ruhusa kwa kila chuo kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Mikataba na wafadhili wa nje ya chuo, ya kuanzia dola 600, lazima ipelekwe kukaguliwa kwanza.

Fedha zimehalalishwa, lakini mawakala hawajapata msimamizi. FIFA ilirudisha mtihani wa leseni kwa mawakala wa soka mwaka 2023. Kwa mawakala wa mikataba ya matangazo katika vyuo vya Marekani hakuna mtihani wa kitaifa wala ukomo wa kamisheni wa kitaifa. Asilimia 20 si ajabu kusikika. Gervon Dexter, aliyekuwa mchezaji wa futiboli wa Chuo Kikuu cha Florida, alisaini mwaka 2022 mkataba uliompa dola 436,485 taslimu ili akatwe asilimia 15 ya mapato yake ya NFL kwa miaka 25. Mwaka mmoja baadaye alikuwa mahakamani akidai mkataba huo unavunja sheria za jimbo. Septemba 2024 Matthew Sluka wa UNLV aliondoka timu ikiwa haijapoteza mchezo. Wakala wake alisema waliahidiwa dola 100,000 kwa mdomo, chuo kikajibu kwamba hakuna maandishi.

Na haki ya kucheza yenyewe sasa ina bei. Diego Pavia, mchezaji wa futiboli wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, alipokwenda mahakamani kuomba msimu mmoja zaidi, hoja yake kuu haikuwa mapenzi ya mchezo. Alionyesha kwamba kukaa nje kungemkosesha zaidi ya dola milioni moja. Desemba 18, 2024 jaji wa Nashville akampa msimu wake, na NCAA ikalazimika kuwafungulia wengine wenye historia kama yake. Msimamo kuhusu waliokwisha kulipwa nao umelegea. Mwaka 2010 Enes Kanter, mchezaji wa kikapu Mturuki, alifungiwa moja kwa moja na NCAA kwa dola 33,033 alizopokea Fenerbahçe zaidi ya gharama zake. Lakini Desemba 2025 Chuo Kikuu cha Baylor kilimsajili James Nnaji, Mnigeria aliyechaguliwa katika drafti ya NBA ya 2023 na kuichezea Barcelona.

Hapa ndipo suala linapotugusa. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akapitia Connecticut na kuchaguliwa wa pili katika drafti ya 2009. Suleiman Nyambui alikimbilia Texas El Paso, Henry Rono Washington State, na leo vyuo vya Marekani vimejaa wakimbiaji wa Kenya. Mwanafunzi mgeni mwenye viza ya F-1 ana mipaka mikali ya kufanya kazi, kwa hiyo mkataba wa matangazo unaompa mwenzake Mmarekani faida unaweza kumponza yeye na kumnyima viza. Fedha za mbio za barabarani alizopokea Iten au Arusha nazo zinaweza kuhojiwa.

Mzazi au kocha anayeletewa karatasi na mtu anayejitambulisha kama wakala aanze kwa kuuliza amesajiliwa jimbo gani, anakata asilimia ngapi na ya mapato yapi, na mkataba unaisha lini. Jina la wakala linaweza kuhakikiwa katika ofisi ya jimbo lilipo chuo, au kupitia idara ya michezo ya chuo chenyewe. Na asisahau kwamba zile siku 14 za kuvunja mkataba huhesabiwa tangu saini ilipotiwa, fedha ziwe zimeingia au hazijaingia.