Kuuliza Kabla ya Kuomba Kazi

Hapa Lalago, katika Wilaya ya Maswa, nyumba nyingi zina kijana aliyemaliza shule naye angali amekaa bure. Amekwisha andika barua nyingi wala hapati majibu. Wazazi husema, "Hatuna mtu." Neno hili twataka kulichungua, maana lina maana mbili.

Ya kwanza ni mbaya, nayo ni kumtafuta mtu wa kumpa fedha ili atoe kazi. Hiyo ni rushwa, imekatazwa kwa sheria ya mwaka 2007. Atoaye na apokeaye wote wana hatia. Tena kazi nyingi za Serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na kila mtu hupeleka maombi yake mwenyewe, kisha hufanya usaili. Maskini mzazi huuza ng'ombe, na kazi haipo.

Ya pili ni njema, nayo ni kumtafuta mtu wa kutuonyesha njia. Wazee wa Usukuma waliijua adabu hii: aliyetaka vijana wamlimie shamba alikwenda kwanza kwa nsumba ntale, mkubwa wao, akazungumza naye. Basi kijana asianze kwa kusema, "Nipe kazi." Na aseme, "Shikamoo mzee, naomba robo saa unieleze kazi yako." Aulize: Uliingiaje? Ujuzi gani watakiwa? Nani mwingine nimwulize? Viwanda vya kuchambua pamba huhitaji watu zaidi wakati wa msimu. Aulizaye mapema hujua kama atafutwa fundi wa mitambo au mtu wa mizani, naye hujitayarisha.

Wala asiwaulize jamaa tu. Mwaka 1974 mtaalamu Mark Granovetter wa Marekani alieleza kwamba, katika wafanyakazi aliowachunguza, zaidi ya nusu walipata kazi kwa kuambiwa na watu, na wengi wa watu hao walikuwa wale wanaoonana nao mara chache. Sababu yake ni wazi: wa nyumbani hujua tunayoyajua, wa mbali hujua mengine.

Binti naye aende kuuliza, lakini mahali peupe, mchana, pamoja na mwenzake. Akidaiwa mwili wake badala ya kazi, hiyo nayo ni rushwa. Apige simu namba 113 ya TAKUKURU.

Nasi wenye kazi, walimu na makarani, tusimfukuze kijana aulizaye. Robo saa yetu haitupunguzii kitu, nayo yaweza kumwokolea baba yake ng'ombe.