Nyumba ya Ushirika Huanza Kikaoni

Mgeni anayeshuka katika kituo cha mabasi cha Msamvu, mjini Morogoro, jambo la kwanza analoliona ni milima ya Uluguru. Imesimama kusini mwa mji kama ukuta, na humo ndimo inamotoka mito inayoulisha Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa hadi Dar es Salaam. Jambo la pili, akitazama vizuri, ni mabati. Nyumba zinapanda mlima. Mji uliokuwa ukikaa tambarare kando ya reli unasogea juu, upande wa Bigwa na Kilakala, kwa sababu watu wanaongezeka na bei ya kiwanja kilichopimwa haishikiki.

Sisi wa Unguja na Pemba hatuna mlima wa namna hiyo, lakini mwendo huo tunaujua. Kwetu nyumba zinakula mashamba ya minazi na kufuata barabara hadi zikutane na za shehia ya pili. Kwa hiyo swali linaloukabili mji wa Morogoro ni swali letu pia: mtu wa kipato kidogo, asiyeweza kununua kiwanja peke yake wala kuingia benki akatoka na mkopo, atapataje nyumba ya halali? Jibu moja, ambalo tunaona halijapewa nafasi yake, ni chama cha ushirika wa nyumba. Lakini jibu hilo lina sharti, na sharti lenyewe linasomeka vizuri katika historia ya Uluguru.

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliona kwamba udongo wa milima hiyo unamomonyoka. Hilo lilikuwa kweli. Ikaleta mpango wake wa matumizi ya ardhi, ikaamuru wakulima wachimbe matuta ya ngazi, na asiyechimba akaadhibiwa. Waluguru hawakuwa wageni wa ngazi; walikuwa nazo za kwao tangu zamani. Waliona, hata hivyo, kwamba kuchimba kwa kina kunaufukia udongo wenye rutuba na kuupandisha juu ule usiozaa. Tena ardhi ilikuwa ya ukoo, na ukoo haukuulizwa. Mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kuukataa mpango. Polisi wakaitwa, ghasia zikazuka, na roho ya mtu ikapotea. Baada ya hapo mpango ukaachwa. Leo ukipanda Mgeta utaona mboga zikistawi juu ya ngazi za wakulima wenyewe, wanazozitunza kwa hiari yao. Tofauti iko kwa yule aliyeamua.

Baada ya Uhuru nia ilikuwa njema, na juhudi zilikuwa kubwa. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Katika miaka ya 1970 ukaja mradi wa viwanja vyenye huduma na wa kuboresha makazi yasiyopimwa, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na Morogoro ikaingizwa katika awamu ya pili. Viwanja vilipimwa, barabara zikachongwa, mabomba yakalazwa, na Benki ya Nyumba Tanzania ikakopesha wajenzi. Wengi walinufaika, wala hatulikani hilo. Lakini mara nyingi maskini aliyepewa kiwanja alishindwa na masharti ya ujenzi, akakiachia kwa mwenye uwezo. Na benki yenyewe ikaanguka katika miaka ya 1990. Mwananchi aliyesimama peke yake mbele ya benki, mbele ya afisa ardhi na mbele ya muuza saruji, ni mnyonge katika milango yote mitatu.

Hapo ndipo ushirika unapoingia, na mfano ulio wazi upo Dar es Salaam. Bandari ilipopanuliwa kuelekea Kurasini, katika miaka ya 2007 na 2008, maelfu ya wakazi walitakiwa kuhama. Wenye nyumba walikuwa na fidia ya kutarajia. Wapangaji walikuwa waondoke mikono mitupu. Baadhi yao, wenye nyumba na wapangaji kwa pamoja, walikwisha kuwa katika vikundi vya kuweka akiba vya shirikisho la watu maskini wa mijini, na wengi katika vikundi hivyo walikuwa wanawake. Waliungana wakaunda Ushirika wa Nyumba wa Muungano, wakanunua ekari 30 za ardhi Chamazi, pembezoni mwa jiji, wakapanga kujenga nyumba zipatazo 300. Walifyatua tofali wenyewe. Walijenga nyumba ya kuanzia, ambayo mwenyewe ataiongeza kadiri Mwenyezi Mungu atakavyomjaalia, na deni lake akalilipa kidogo kidogo ili fedha hiyo imjengee mwenzake.

Tukiuliza ni kitu gani hasa kinachouendesha ushirika wa namna hiyo, tutakuta kwamba tofali ni jambo la mwisho. La kwanza ni kikao. Mwanachama hulipa kiingilio, hununua hisa, huweka akiba yake kwa siku au kwa wiki. Mwenye hisa nyingi na mwenye hisa moja, kila mmoja ana kura moja. Mkutano mkuu huchagua viongozi, huamua ukubwa wa nyumba na zamu za kujengewa, na husomewa mahesabu kwa sauti. Mweka hazina ameshika amana, na amana huulizwa hadharani. Huko Bara mambo hayo yamewekwa katika Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Zanzibar nayo ina sheria yake. Lakini sheria haiwezi kukaa mkekani badala ya wanachama.

Hatusemi kwamba ushirika ni dawa ya kila maradhi. Chamazi ni mbali na bandari, na mtu aliyekuwa akichuma riziki yake Kurasini, nauli peke yake humla. Ujenzi wa kutegemea akiba huenda polepole, na urejeshaji wa mikopo husuasua kazi zinapokosekana. Zaidi ya hayo, tumeshuhudia vyama vya ushirika vikifa kwa sababu daftari lilifungiwa kabatini, ilhali fedha za kuviendesha zilikuwapo. Na sisi tulio katika Chama tujisahihishe pia: ni mara ngapi tumekwenda kikaoni tukiwa na azimio lililokwisha kupigwa chapa, tukawaomba wananchi walipigie makofi tu?

Visiwani tuna urithi wetu katika jambo hili. Majumba ya Michenzani, yaliyoanza kujengwa wakati wa Mzee Abeid Amani Karume, yaliwapa watu wa Ng'ambo makazi ambayo ukoloni haukuwahi kuwafikiria nayo. Heshima hiyo haifutiki. Lakini jumba la ghorofa lina ngazi, bomba na paa visivyo vya mtu mmoja; na kitu cha wote kisichokuwa na kikao hubaki hakina mwenyewe. Kwa upande mwingine, mashamba bado tunajua kuitana. Mtu akisimamisha nyumba ya udongo, majirani huja kumkandikia, naye hujua kwamba kesho ni zamu yake kwenda kwa mwenzake. Ushirika wa nyumba ni ujima huo huo, uliotiwa daftari na hati.

Kwa hiyo tunawaomba wenye mamlaka, wa Morogoro na wa kwetu, mambo matatu. Kwanza, kikundi kilichosajiliwa kikubaliwe kupewa ardhi kama kikundi, na mtu aruhusiwe kujenga kwa hatua, chumba kwa chumba. Pili, kabla ya mtaa kupangwa upya au kuhamishwa, wakazi wahesabiwe na wakazi wenzao pamoja na mwenyekiti wa mtaa au sheha, na wapangaji wasiachwe nje ya daftari. Tatu, ramani iletwe kikaoni kabla haijatiwa saini. Hata kwa nyumba zile zinazoupanda Uluguru, ambazo kwa ajili ya chemchemi za maji huenda zikatakiwa kuzuiwa, mwenye nyumba aulizwe kwanza yeye na wenzake wangeweza kuhamia wapi, na kwa utaratibu gani.

Afisa anayekwenda kwa wananchi na karatasi tupu, akaketi nao mkekani na kuwauliza, atapoteza siku moja. Anayekwenda na mpango uliokwisha kamilika anaweza kupoteza miaka, kama ilivyokuwa Matombo. Tunawaomba maafisa wetu wa ardhi na masheha waanze na siku hiyo moja.