Kilomita Chache Hazifanyi Pikipiki Kuwa Mpya



Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumza juu ya kazi: kofia, viatu, vumbi, kelele. Leo tutoke kazini, tufike mbele ya mlango wa nyumba, pale pikipiki iliposimama na karatasi imefungwa kwenye usukani: INAUZWA.

Pikipiki hiyo ilikuwa yangu mimi.

Ilikuwa ya aina ile kubwa, ya kukaa chini na kunyoosha miguu mbele kama mtu aliye kitini. Mtindo wa kuzigeuza ulianzia Marekani. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, askari wengi waliorudi kwao walikata pikipiki zao na kuondoa kila kitu walichoona kizito. Filamu Easy Rider ya mwaka 1969 ikaupeleka mtindo huo mbali. Nami nikafuata. Fundi wa kuchomelea aliinua usukani, akashusha kiti, akatoa vioo, akatoa vyuma vya kukanyagia vya mtu wa nyuma, akatoa na bati linalofunika bomba la moshi. Taa ya nyuma akaweka ndogo kama kifuniko cha chupa.

Hapa Kamina watu waligeuka kuitazama. Lakini mchanga wetu, na matope ya masika, havipendi pikipiki ya tumbo chini. Ilifika kilomita 4,000, kisha ikalala chini ya kibanda miaka minne.

Siku moja akaja kijana mmoja wa kazi yetu, pesa mfukoni, bibi yake ana mimba. Akatazama namba za kilomita, akafurahi: «Yaya, hii ni mpya kabisa!»

Nikanyamaza. Nilijua kwamba fundi aliinua usukani lakini waya wa mafuta aliuacha ule ule mfupi. Ukikata kona kuume, waya unavutwa, na injini inaongeza mbio yenyewe. Nilijua, na nikanyamaza.

Usiku bibi yangu akaniuliza: «Baba watoto, yule mdogo akianguka, nani atamfunga bandeji? Si wewe?»

Asubuhi nilimwita, nikamwambia yote. Haya niliyomwambia ndiyo ninayotaka kukuambia wewe unayeuza na wewe unayenunua.

KILOMITA ZINASEMA NUSU YA HABARI

Pikipiki inayosimama inazeeka pia. Mpira wa tairi unakauka na kuwa mgumu hata kama meno yake ni mazima. Tazama ubavuni mwa tairi: baada ya herufi DOT utakuta namba nne za mwisho. Mbili za kwanza ni juma, mbili za pili ni mwaka. Namba 2314 maana yake tairi lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2014. Tairi lenye miaka kumi liondoe, hata kama linang'aa.

Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani. Yabadilishwe kila miaka miwili, pikipiki itembee au isitembee. Petroli iliyolala muda mrefu inaacha uchafu katika kabureta, na tangi linaota kutu ndani.

Tena, namba za kilomita zinaweza kudanganya, kwa sababu mtu anaweza kufungua waya wake. Tazama mpira wa kanyagio la breki, mahali pa kushika usukani, na meno ya gurudumu la mnyororo. Kama vimelika sana na kilomita ni chache, uliza sababu.

JARIBU HIVI KABLA YA KULIPA

1. Simamisha pikipiki, weka gia huru, washa injini. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kuume mpaka mwisho. Sauti ya injini isibadilike. Ikipanda, waya ni mfupi: usipande.

2. Kaza breki ya mbele, kisha ya nyuma, na usukani umegeuzwa pande zote mbili. Waya au bomba la breki lisivutwe wala kukunjwa.

3. Tazama kila mahali palipochomelewa. Ukiona ufa au kutu kwenye mshono, ondoka. Chuma cha mwili wa pikipiki kikikatika njiani hakuna dawa.

4. Mtu akae nyuma. Kama hana pa kukanyagia, miguu yake itaning'inia karibu na gurudumu na bomba la moto. Basi hiyo ni pikipiki ya mtu mmoja. Usimbebe bibi wala mtoto.

5. Vioo viwili, taa ya mbele, taa ya nyuma inayoonekana mbali, na taa za kuonyesha kona: visipokuwepo, virudishwe kwanza.

MAMA, ANGALIA BOMBA LA MOSHI

Bomba lisilo na bati lake linaunguza ndama ya mguu wa mtoto kwa mguso mmoja. Ikitokea, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta, wala majivu. Funika kwa kitambaa safi. Ngozi ikitoa malengelenge, mlete mtoto kwenye dispanseri siku ile ile.

KOFIA HAIUZWI PAMOJA NA PIKIPIKI

Mwaka 1935 Mwingereza aliyejulikana sana, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki akafa kwa jeraha la kichwa. Daktari Hugh Cairns, mmoja wa waliomtibu, hakuliacha jambo lile. Mwaka 1941 alitoa maandiko yaliyoonyesha faida ya kofia kwa wapanda pikipiki. Uchunguzi uliokusanywa baadaye kutoka nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kofia inapunguza hatari ya kufa kwa karibu 42 kwa mia, na ya kuumia kichwa kwa karibu 69 kwa mia. Kofia iliyokwisha kuanguka mara moja haifai tena. Nunua yako.

WEWE UNAYEUZA

Andika kwenye karatasi kila kitu ulichogeuza, hata kile unachoona haya kukitaja. Toa vyuma vya zamani ulivyoweka ndani ya gunia, umpe mnunuzi. Linganisha namba ya shasi na ile ya kwenye karte roze, yeye akitazama. Muuze mchana, si jioni, na mwache aje na fundi wake.

Mimi nilirudisha usukani wa kwanza, bati la bomba na vyuma vya kukanyagia. Nikanunua matairi mawili na waya mpya. Bei ilishuka, pesa nyingine zikaenda kwa fundi. Haikuwa tena pikipiki ya kugeuza watu vichwa. Yule kijana alicheka alipoiona, lakini aliinunua.

Mtoto wao amekwisha kuzaliwa. Baba yake hupita mbele ya dispanseri asubuhi, kofia kichwani, ananipigia honi. Mpaka leo sijamfunga bandeji.

Ndugu, ukiuza chombo, sema kweli yake yote. Pesa zitakwisha, mtu uliyemuuzia utakutana naye kila siku.