Je, Wajua? Antivairasi Inayomaliza Bando Kabla ya Saa Nne

Je, wajua kwamba mkoa wa Njombe na antivairasi iliyomo ndani ya kompyuta yako ni marika? Mkoa ulianzishwa rasmi Machi 2012, ukimegwa kutoka Iringa. Oktoba mwaka huohuo Microsoft ikatoa Windows 8, toleo la kwanza kuja na Defender ikiwa antivairasi kamili. Kabla ya hapo jina hilo lilikuwa la programu ya kukamata programu za kijasusi tu, na wala Microsoft hawakuitunga wenyewe: Desemba 2004 waliinunua kampuni ya GIANT, wakaichukua kazi yake na kuipa jina jipya.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita Makambako, mji wa mkoa huohuo ambako barabara ya Songea huachana na ile ya Mbeya. Hilo halimsaidii sana mwenye steshenari anayefanya kazi kwa hotspoti ya simu. Anajiunga GB 1 asubuhi, anamfungulia mwanafunzi fomu ya mkopo wa chuo, na kabla ukurasa haujafunguka wote, ujumbe unaingia kwamba kifurushi kinakaribia kuisha. Anabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, anaingia Task Manager, anabofya safu ya Network ili walaji wakubwa wapande juu. Pale juu kabisa kuna jina refu: Antimalware Service Executable. Ndiyo Defender yenyewe.

Inakula nini? Kazi yake hutegemea orodha ya alama za virusi, na Microsoft hutoa orodha mpya mara kadhaa kwa siku. Kompyuta inayowashwa kila siku huteremsha tofauti ndogo tu kati ya orodha ya jana na ya leo. Iliyofungiwa kabatini likizo nzima haina bahati hiyo: imeachwa nyuma mno, hivyo huteremsha orodha yote upya, na orodha nzima huzidi MB 100. Ndiyo maana shule ikifunguliwa, kompyuta za ofisi ya mwalimu mkuu humaliza bando siku ya kwanza, kisha hutulia. Kwa anayelipia kila MB, hilo si jambo dogo. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilizua kelele nchi nzima hadi serikali ikazisitisha.

Lakini usiiamini sana ile safu ya Network. Mara nyingi orodha hiyo hupitia kwenye huduma ya Windows Update, kwa hiyo Defender inaweza kula chini ya jina la mwingine, kama Service Host, na wakati mwingine anayelaumiwa ni Defender ilhali mlaji ni OneDrive inayopandisha picha za harusi. Hesabu ya uhakika zaidi iko ndani ya Settings, sehemu ya Network & internet, kwenye Data usage: humo kila programu imeandikiwa ilichotumia kwa siku 30.

Je, wajua kwamba kwa kawaida Windows hudhani kila waifai ni ya bure? Laini ya simu ikichomekwa ndani ya kompyuta yenyewe, inajua kwamba data inalipiwa. Hotspoti ya simu yako inaichukulia sawa na waifai ya hoteli. Ingia kwenye jina la waifai hiyo, uwashe Metered connection, na masasisho makubwa yatasubiri. Nionavyo mimi, hii ndiyo dawa ya kwanza, na wengi wangeishia hapo. Ila alama za virusi nazo zinaweza kuchelewa, basi siku ukiwa na kifurushi kinono fungua Windows Security, nenda Protection updates, uzivute mwenyewe.

Ofisi yenye kompyuta tano kwenye ruta moja ina njia nyingine. Huduma ya Delivery Optimization huziwezesha kompyuta kugawiana kilichokwisha kuteremshwa, ili kisiteremshwe mara tano. Chagua kugawiana ndani ya mtandao wa ofisi tu. Ukichagua na intaneti, kompyuta yako inaweza kuwapelekea masasisho watu usiowajua, kwa bando lako.

Tena orodha ya alama za virusi huweza kusafirishwa kwa flashi. Faili lake linaitwa mpam-fe.exe, hupatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft. Mtu wa Njombe mjini akiliteremsha kwa kifurushi cha usiku, anaweza kulibeba hadi Ludewa na kusasisha kompyuta isiyo na intaneti kabisa.

Kuizima Defender? Wapo wanaofanya hivyo. Ukiuzima ulinzi wake kwenye Settings, baada ya muda hujiwasha wenyewe. Ukiweka antivairasi nyingine, Defender hukaa pembeni, na hiyo mpya huanza kuteremsha orodha yake. Bando ni lilelile. Na steshenari ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kukaa bila ulinzi, kwa sababu kila mteja anakuja na flashi yake. Kirusi cha shotikati huyaficha mafolda yote na kuacha shotikati mahali pake, mteja anabofya, na mashine nyingine imeshaambukizwa. Mafaili hayajapotea, yamefichwa tu. Ukiruhusu Windows ionyeshe vilivyofichwa, hata vile vya mfumo, utayaona. Defender yenye orodha ya karibuni humkamata kirusi kama huyo hata hotspoti ikiwa imezimwa.

Na kwa wenye mashine za zamani: msaada wa Windows 10 uliisha Oktoba 14, 2025, lakini Microsoft imesema alama za virusi za Defender zitaendelea kuletwa humo hadi Oktoba 2028.