Kamera Isipoonekana kwenye Kompyuta

Kamera ya dijitali inapochomekwa kwenye kompyuta kwa waya ya USB, mambo matatu hufuatana ndani ya sekunde chache. Kwanza kompyuta huhisi kwamba kuna kitu kwenye tundu lake. Kisha hukiuliza ni nini, nacho hujitambulisha kwa namba ya kampuni iliyokitengeneza na namba ya modeli. Mwisho kompyuta hutafuta draiva, yaani programu ndogo inayojua kuzungumza na kifaa cha aina hiyo. Picha huonekana baada ya hatua hiyo ya tatu tu. Kamera inayosemekana haionekani huwa imekwama kwenye mojawapo ya hatua hizo, na kazi yote ya fundi ni kujua imekwama wapi.

Katika Tassia, mtaa wa maghorofa ulioko Embakasi kando ya barabara ya Outer Ring, hili ni suala la riziki. Studio ndogo za picha za pasipoti hukaa orofa ya chini, zikibanana na kinyozi na duka la M-Pesa, na wapiga picha wa ruracio, yaani sherehe za mahari, na wa harusi huhariri kazi zao nyumbani usiku. Kamera nyingi zilishapita kwenye mikono mingine kabla ya kufika huko. Kompyuta nazo mara nyingi ni laptopu zilizostaafu maofisini Ulaya, zile ambazo wauzaji wa katikati ya jiji huziita "ex-UK". Vifaa vilivyonunuliwa kila kimoja kivyake, bila kijitabu cha maelezo wala waya yake ya asili, vina kila sababu ya kutoelewana.

Dalili ya kwanza ni ya kusikiliza. Windows hutoa mlio kifaa kinapochomekwa, mradi spika hazijazimwa. Mlio ukisikika ilhali picha hazionekani, waya ni nzima na tatizo liko kwenye draiva au kwenye mipangilio ya kamera. Kukiwa kimya kabisa, kosa kwa kawaida liko kwenye waya, tundu au betri. Na ukitokea ujumbe kwamba kifaa cha USB hakitambuliwi, kamera na kompyuta zilianza kusalimiana zikakatishwa njiani, jambo ambalo kwa kawaida hutokana na waya mbovu au tundu lililolegea.

Waya ndiyo ya kushukiwa kabla ya kitu kingine chochote. Ndani ya waya ya kawaida ya USB 2.0 mna nyaya nne: nyekundu na nyeusi za umeme, kijani na nyeupe za data. Waya nyingi za bei rahisi zimetengenezwa kwa ajili ya kuchaji tu, hivyo zile mbili za data hazimo au hazijaunganishwa. Kwa nje hazitofautiani na waya nzima. Kamera kama Canon EOS 1200D hutumia kichwa cha mini-B, kile kinene chenye umbo la trapeza kilichotangulia vichwa vya simu za kisasa, na kichwa hicho leo hupatikana zaidi kwenye waya zilizokuja na spika ndogo za kuchaji. Kuijaribu waya ni rahisi: ichomekwe kwenye kifaa kingine chenye tundu la aina hiyo, kwa mfano diski ya nje ya zamani, na ikishindwa kusoma hata huko iwekwe kando. Urefu nao una kikomo, kwani waya ya USB 2.0 haipaswi kuzidi mita 5. Wenye Nikon Coolpix wana tahadhari ya ziada: nyingi za kamera hizo zina tundu jembamba la pini nane linalofanana na mini-B bila kuwa lenyewe, na waya ikilazimishwa pini hupinda.

Baada ya waya ni matundu. Laptopu iliyotumika miaka mingi ofisini huwa na tundu moja lililochoka, kwa kawaida lile la upande wa kipanya, kwa hiyo kujaribu jingine ni jambo la sekunde kumi. Kwenye kompyuta ya mezani, matundu ya nyuma yaliyoshikamana na ubao mkuu hutegemeka kuliko ya mbele, ambayo hufikiwa kwa waya ya ndani. Kigawanya-USB kiondolewe kabisa wakati wa kutafuta hitilafu.

Kwenye kamera yenyewe kuna makosa matatu yanayowapata hata wazoefu. La kwanza ni betri. Kamera nyingi za kizazi cha mini-B hazipati nguvu kutoka kwa USB, na betri iliyochoka huiacha kamera ikizimika katikati ya kunakili. La pili ni kujizima kwenyewe: mpangilio wa kulala baada ya nusu dakika hukata mawasiliano kimyakimya. La tatu ni Wi-Fi. Kwenye Canon kama EOS 1300D, Wi-Fi ikiwa imewashwa kwenye menyu, njia ya USB hufungwa. Mtu anaweza kubadilisha waya tatu na kompyuta mbili bila kufaulu, kumbe swichi iko kwenye menyu, na pengine aliiwasha mwenyewe wiki iliyopita ili atume picha kwenye simu.

Hapa inafaa kueleza jinsi kamera inavyotoa picha, kwa sababu malalamiko mengi hutokana na kutarajia kitu kisichokuwepo. Ziko njia mbili kuu. Katika njia ya kwanza kamera hujifanya fleshi: kadi yake hufunguka kama diski yenye herufi, tuseme E, na kompyuta huingia na kufanya itakavyo. Njia ya pili ni PTP, utaratibu wa kuhamisha picha ambao baadaye uliandikwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 15740. Chini ya PTP kamera hufanya kazi kama duka la mtaani lenye wavu: mteja haingii ndani, hutaja anachotaka na mwenye duka akampitishia. Kwa hiyo hakuna herufi ya diski. Anayeitafuta E hataiona, ilhali kamera imekaa palepale kwenye "This PC" kwa jina la modeli yake. Canon EOS hutumia PTP. Kamera nyingi za Sony humwachia mwenyewe achague kwenye menyu ya USB, na chaguo likiwa "PC Remote" kompyuta hupewa usukani wa kamera badala ya picha zilizomo.

Ikiwa mlio umesikika na kamera imepangwa sawasawa, zamu ni ya kompyuta. Kwenye Device Manager, alama ya pembetatu ya manjano pembeni mwa jina la kamera huonyesha kwamba kuna tatizo, mara nyingi la draiva. Tiba yake ni kuiondoa hapo hapo, kuchomoa waya, kuwasha kompyuta upya na kuchomeka tena. Windows huiweka draiva yenyewe, na mara nyingi haihitaji CD wala intaneti. Kwenye Mac, programu ya Image Capture huja na mashine na huona kamera hata pale programu nyingine zinapokataa.

Laptopu za Ulaya zina tatizo moja ambalo mafundi wengi hawalijui. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliamuru Microsoft iuze Windows isiyo na Media Player, na tangu hapo yapo matoleo yenye herufi N, kama Windows 10 Pro N. Pamoja na Media Player, matoleo hayo hukosa sehemu zinazoiwezesha Windows kupokea picha kutoka kwa kamera na simu kwa waya. Kamera hutambuliwa nusunusu, au hufunguka ikiwa tupu. Herufi hiyo huonekana kwenye ukurasa wa "About" katika mipangilio. Dawa ni Media Feature Pack ya Microsoft, ambayo ni ya bure na huongezwa kupitia "Optional features", na baada yake kompyuta huwashwa upya.

Haya yote yanaweza kuepukwa kwa kisoma kadi, na kwa mwenye haraka hiyo ndiyo njia bora. Laptopu nyingi za ofisi za mwanzoni mwa miaka ya 2010 zina tundu la SD ubavuni. Kadi ikisomeka hapo, picha zimepatikana na kamera inaweza kuchunguzwa baadaye kwa utulivu. Kisoma kadi nacho kina umri wake: kadi za SDHC, za hadi gigabaiti 32, zilikuja mwaka 2006, na za SDXC, zinazozidi hapo, mwaka 2009. Kifaa kilichotangulia miaka hiyo huiona kadi mpya kama imeharibika na Windows ikauliza kama iiformati. Jibu ni "Cancel", kila mara, mpaka kadi ijaribiwe kwingine.

Hatari kubwa ya kuitoa kadi kwenye kamera ni virusi. Kompyuta ya saiba inayohudumia fleshi za mtaa mzima hubeba kile kirusi maarufu kinachoficha folda na kuweka njia-mkato zenye jina lilelile. Mwenye picha huona kadi yake imejaa vialama visivyofunguka na kudhani kila kitu kimefutika. Kwa kawaida picha zimo bado. Zimefichwa tu, na amri ya attrib huzirudisha, baada ya kompyuta kusafishwa. Kinga iko kwenye kadi yenyewe: kile kitelezo kidogo cha plastiki ubavuni mwa SD, kikisukumwa upande wa "Lock" kabla kadi haijaingia saiba, visoma kadi vingi hukataa kuiandikia. Kirudishwe kabla ya kupiga picha tena, la sivyo kamera nayo itakataa.

Kunakili kufanywe kwa "Copy", wala si "Cut". Token za stima zinapoisha usiku, kompyuta ya mezani isiyo na UPS huzimika papo hapo, na kazi ya kuhamisha iliyokatika katikati huweza kuacha faili zikiwa nusu. Picha zikishahesabiwa na kufunguliwa, ndipo kadi huformatiwa, tena ndani ya kamera, ambayo hujipangia folda ya DCIM inavyoitaka. Zikifutika kwa bahati mbaya, kadi isitumike tena hadi programu kama PhotoRec, ambayo ni ya bure, iipitie.

Wakati mwingine kila kitu hufika salama lakini picha hazifunguki. Faili zenye mkia wa CR2, CR3 au NEF si mbovu. Ni picha ghafi ambazo Windows ya zamani haizielewi. Canon na Nikon hutoa programu za kuzifungua bila malipo, ama kamera ipangwe ihifadhi JPEG pamoja na ghafi.

Tundu la kamera lililovunjika kabisa halina haja ya kuharakishiwa fundi, maadamu kadi inasomeka nje. Wanaolihitaji kweli ni wachache: studio inayopenda picha ya pasipoti itokee kwenye skrini mara tu inapopigwa, kwa programu kama EOS Utility, au kanisa linalotumia kamera kurusha ibada mbashara. Hao walipeleke kwa fundi mwenye vifaa vya kuchomelea vijenzi vidogo, kwa sababu tundu hilo limeshikizwa kwenye ubao kwa pini nyembamba mno. Kuifungua kamera nyumbani ni hatari hata ikiwa imetolewa betri: kapasita ya flashi huhifadhi umeme wa takriban volti 300, wa kutosha kumrusha mtu mkono, na hukaa nao kwa muda mrefu baada ya kamera kuzimwa.