Machi 31 Inakaribia: Usiikimbie TRA, Nenda na Daftari Lako



Masika imeanza na najua akili yako sasa hivi iko kwenye miche, mitaro na vifaranga. Lakini leo tuweke jembe pembeni kidogo tuongelee jambo ambalo vijana wengi wa huku kwetu Boko, Bunju na Mabwepande wanalikwepa mpaka liwafuate mlangoni: kodi ya mapato.

Mwaka jana katikati ya Juni, kijana mmoja anayefuga kuku wa mayai hapa Boko alinipigia simu usiku. "Bwana shamba, nimekwisha." Nikadhani kuku wanakufa tena. Kumbe safari hii ni kodi. Mwezi Machi alikadiriwa kwa mauzo ya shilingi milioni 9 kwa mwaka, maana banda lilikuwa limejaa na mayai yanatoka vizuri. Awamu ya kwanza akalipa. Mwezi Mei kideri kikaingia bandani, zaidi ya nusu ya kuku wakafa. Sasa awamu ya pili ilikuwa imebakiza wiki mbili na mfukoni hana kitu. Mpango wake ulikuwa nini? Kuzima simu na kukaa kimya.

Nikamwambia njoo kesho, na uje na kila karatasi uliyonayo. Alikuja na stakabadhi zimejazwa kwenye mfuko mtupu wa chakula cha kuku. Lakini alikuwa na kitu kingine cha maana zaidi: daftari. Nilikuwa nimemsumbua muda mrefu aandike mayai ya kila siku, vifo, mifuko ya chakula na trei alizouza, ili tujue kama kuku wanamlipa. Daftari lile lilionyesha wazi siku mayai yalipoanza kushuka. Tukapanga karatasi mwezi kwa mwezi, akaenda ofisi ya kodi kabla ya tarehe, akaeleza. Makadirio yake yakarekebishwa yakashuka. Hakulala ndani, hakufungiwa banda.

Hilo ndilo nataka ulibebe leo: makadirio ni makadirio tu, yanaweza kurekebishwa ndani ya mwaka hali ikibadilika. Ila lazima uende mwenyewe, na uende na ushahidi.

Wewe uko kundi gani?

Kama ni mkulima binafsi na mauzo yako ya mwaka hayazidi kikomo kilichowekwa kisheria, unaingia kwenye kodi ya makadirio. Hii inatozwa kwenye mauzo, siyo kwenye faida. Kwa hiyo usiseme "sikupata faida, sidaiwi." Wanaangalia ulichouza.

Kama umevuka kikomo hicho, au umesajili kampuni, unatakiwa kutunza hesabu kamili, na ritani ya mwaka iandaliwe na mhasibu aliyesajiliwa na NBAA. Ukishasajili kampuni, hata ikiwa ndogo au haijaanza kuuza, ritani inahitajika. Vijana mnaosajili kampuni ili mpate tenda, hapa ndipo wengi mnapoumia.

Daftari lina thamani gani?

Tupige hesabu. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi. Kutoka milioni 4 hadi 7, asiye na kumbukumbu analipa Sh 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kutoka milioni 7 hadi 11, asiye na kumbukumbu ni Sh 250,000. Mwenye kumbukumbu ni Sh 90,000, ukijumlisha asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7.

Sasa chukua mfugaji mwenye mauzo ya milioni 9. Bila daftari: Sh 250,000. Akiwa na kumbukumbu: 90,000 jumlisha 60,000, inakuja Sh 150,000. Mauzo yakishuka hadi milioni 6, bila daftari ni Sh 100,000, na kwa kumbukumbu ni Sh 60,000. Daftari la shule unanunua kwa bei gani? Fikiria mwenyewe.

Angalizo: viwango hivi vinaweza kuguswa na Sheria ya Fedha inayoanza kila Julai 1. Kabla ya kulipa, thibitisha kiwango cha mwaka husika.

Tarehe za kuandika ukutani

Kwa mwaka unaoishia Desemba, makadirio yanawasilishwa kufikia Machi 31. Malipo ni awamu nne: Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Wenye kampuni na wale wa hesabu kamili, ritani ya mwaka uliopita mwisho ni Juni 30.

Ukichelewa kuwasilisha, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inaweka adhabu ya kila mwezi, na kipande cha mwezi kinahesabiwa mwezi mzima. Sheria ilipoanza, kiwango cha chini kwa mtu binafsi kilikuwa Sh 75,000 kwa mwezi, na kwa kampuni Sh 225,000. Yaani mtu mwenye kodi ya Sh 60,000 anaweza kulipa adhabu kubwa kuliko kodi yenyewe kwa kuchelewa siku mbili tu. Hiyo inauma.

Ukiona hutawahi

Sheria inaruhusu kuomba kuongezewa muda. Ombi linakuwa la maandishi, lina sababu ya kueleweka, na linapelekwa kabla ya tarehe ya mwisho. Usisubiri siku ya mwisho saa tisa mchana, mtandao umeelemewa na foleni imefika nje.

Halafu tofautisha mambo mawili. Kuomba muda wa kuwasilisha ritani ni jambo moja. Kuomba kulipa kidogo kidogo ni jambo lingine, lina ombi lake. Na hata ukikubaliwa kulipa baadaye, riba inaendelea kuhesabiwa. Kwa hiyo lipa ulichonacho, omba muda kwa kilichobaki.

Fanya haya wiki hii

1. Kusanya stakabadhi zote za chakula, dawa, mbegu na mbolea. Zipange kwa mwezi.

2. Pitia meseji za miamala ya simu, andika mauzo yote. Mteja aliyelipa mkononi naye aandikwe.

3. Kama ulipata hasara ya ugonjwa au mafuriko, andika tarehe na idadi, piga picha. Mwite afisa ugani wa kata aone mapema, siyo baada ya miezi mitatu.

4. Nenda na TIN yako ofisi ya TRA iliyo karibu au ingia kwenye mfumo wao mtandaoni. Ukishapata kumbukumbu namba ya malipo, lipa kwa simu au benki. Usimpe mtu pesa taslimu akulipie.

5. Usimwachie kishoka neno lako la siri. Akiandika uongo kwa jina lako, atakayeitwa ni wewe.

Yule kijana wangu ameshaingiza vifaranga wapya, na sasa anachanja kideri kila baada ya miezi mitatu bila kukumbushwa. Juzi nilipita bandani kwake, nikakuta madaftari mawili yananing'inia mlangoni kwa kamba. Moja la mayai, moja la pesa. Nikamuuliza la pesa limeanza lini. Akacheka: "Bwana shamba, tangu usiku ule."

Wewe la kwako unalianza lini? Mvua ikikatika leo jioni, kaa chini uandike ukurasa wa kwanza. Tukutane shambani.