Kazi ya Kumeza

Nilipokuwa na miaka 11, mdogo wangu wa miaka 5 alikoroma kumshinda babu. Mara pumzi ilikatika, chumba kikawa kimya, na mama akakurupuka kumtikisa. Daktari akasema tonsesi zimevimba hadi zinakaribia kugusana, na nyuma ya pua kuna nyama inayoziba hewa. Vyote vikatolewa siku moja kupitia mdomoni, naye amelala kwa dawa. Ndiyo maana shingoni hana kovu.

Bibi akauliza, "Mmemkata kimio?" La, bibi! Jitazame kwenye kioo, mdomo wazi: kimio ndicho kile kinachoning'inia katikati. Tonsesi hukaa kushoto na kulia kwake.

Nyumbani nikapewa kazi ya kikombe: maji, maziwa, uji uliopoa, kidogokidogo kutwa nzima. Juisi ya machungwa hapana, inachoma.

"Dada sitaki, panauma."

"Funda moja tu."

Koo likikauka huuma zaidi, basi nilimsumbua. Mama alimpa dawa ya maumivu kwa saa, kwa kipimo cha daktari, na uji ukaja dawa ilipokwisha kushika. Aspirini haikuingia ndani: huchelewesha damu kuganda.

Siku ya 4 alilia kuliko siku ya kwanza, tena kashika sikio. Sikio lilikuwa zima. Koo na sikio hutumia mshipa mmoja wa fahamu, na maumivu hukosea mlango. Pumzi ikanuka. Nikamulika tochi, nikaona utando mweupe, nikadhani usaha. Kumbe ni kigaga; mahali penye mate mengi kigaga huwa cheupe.

Kigaga hicho hubanduka kati ya siku ya 5 na ya 10, na hapo damu inaweza kutoka. Usiku wa 7 nilimwona amelala, anameza, anameza tena. Nikafurahi: leo hata usingizini anafanya kazi yake! Mama hakufurahi. Alimwamsha, akamfungua mdomo, akaona wekundu. Tulikimbilia hospitali usiku uleule. Akalazwa, damu ikakoma.

Kwa hiyo ukimwona mwenzako aliyetolewa tonsesi anameza mfululizo na hanywi kitu, au anatema damu hata kidogo, waamshe wakubwa. Hata kama ni saa 9 za usiku.